Arobaini ya Mama wa Njiti

Hotuba kwa wazazi, bibi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Ngamiani, Tanga, Siku ya Mtoto Njiti Duniani

Asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Bibi zangu mlioketi mbele, shikamooni. Akina baba mliosimama huko mlangoni, sogeeni, viti vipo, na maneno ya leo nusu yake ni yenu. Dada zangu mliokuja na watoto vifuani, mtoto akilia msitoke nje. Mimi ni mkunga, nimezoea kusema juu ya vilio.

Nimeitwa nimzungumzie njiti, kwa kuwa tarehe 17 Novemba ni siku yake ulimwenguni. Nitamzungumzia, lakini nitapitia kwa mama yake. Njiti ana watu wengi wa kumuulizia. Kafika kilo ngapi? Katolewa oksijeni? Ananyonya mwenyewe au bado mpira? Mama yake akiulizwa kitu, anaulizwa kama maziwa yanatoka. Akijibu ndiyo, mazungumzo yamekwisha.

Kwanza tuelewane. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla wiki 37 za mimba hazijatimia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani, takriban mtoto 1 katika kila 10. Wengine ni presha ya mimba, wengine chupa imepasuka mapema, wengine malaria au maambukizi, wengine ni mapacha, na wengi tu hatuipati sababu hata tukiitafuta. Bibi zangu, hapa nisikieni vizuri. Mtoto hakuzaliwa njiti kwa sababu mama yake alichota maji, wala kwa sababu aligombana na mavyaa wake, wala kwa sababu alitoka nje magharibi. Maneno hayo husemwa barazani kwa mzaha, yanamfuata mama mpaka wodini, na saa nane za usiku anapokamua maziwa ndiyo anayoyasikia.

Sasa nije kwenye arobaini.

Hapa kwetu, toka Mkinga mpaka Pangani, mwanamke akijifungua anakuwa mzazi, na mzazi ana haki zake. Uzazi wa kwanza anarudi kwa mama yake. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja tumboni, anapikiwa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku. Hapiki, hafui, hatumwi dukani. Mtoto akilia usiku, bibi ameshaamka kabla yake. Yapo mambo ya arobaini ambayo sisi wakunga tunayapigia kelele kila siku: maji yanayobabua ngozi, mtoto kulambishwa asali na maji kabla ya miezi sita, kitovu kupakwa kila kitu kilichomo ndani ya nyumba. Hayo tuyaache, na leo sitagombana na mtu. Lakini ukishayaondoa hayo, linabaki jambo ambalo nchi tajiri zinalitafuta kwa fedha nyingi: siku arobaini ambazo mwanamke aliyezaa hayuko peke yake.

Njiti anaivuruga arobaini hiyo.

Mchukueni mtoto aliyezaliwa wiki ya 30, gramu 1,200. Atakaa hospitali wiki tano, sita, pengine zaidi, na mama anakaa naye. Kila baada ya saa tatu anakamua maziwa, mara nane kwa siku, usiku na mchana. Analisha kwa mpira wa puani. Anambeba kifuani. Anasikiliza mashine zinazolia bila kujua kilio kipi ni cha hatari na kipi ni waya umechomoka. Mama wa Ngamiani au Makorora ataletewa uji na ndugu zake. Aliyepewa rufaa kutoka Kilindi, au milimani huko Lushoto, anakula anachogawiwa na mwenzie wa kitanda cha pili. Siku ya saba, ambayo nyumbani ingekuwa siku ya akika na jina, yeye anahesabu mililita. Mkaja hakuna, wa kumkanda hakuna. Rafiki zake wanachungulia saa ya kuona wagonjwa, wanatoa pole, wanaondoka.

Halafu siku ya kuruhusiwa inafika, tuseme siku ya 43. Mtoto ana kilo 1.8, wodi nzima inashangilia. Anafika nyumbani, arobaini imeshapita. Bibi aliyekuja kwa ajili ya uzazi amesharudi kwenye minazi yake. Mume amesharudi baharini, au kwenye bodaboda. Wifi anamwona mtu mzima, anatembea, mtoto katoka salama. Basi jiko linamsubiri. Na sisi hospitali tumempa maagizo yetu: mtoto akae kifuani ngozi kwa ngozi saa nyingi iwezekanavyo, anyonyeshwe kila baada ya saa mbili au tatu, asipigwe na baridi, asibebwe na kila mgeni, kliniki asikose. Nawauliza, mtu mmoja anayafanyaje hayo huku anasonga ugali wa watu saba?

Yaani msaada tulionao tunaumwaga wakati ambao haumfikii, na unakwisha siku ileile anapoanza kuuhitaji. Ndiyo maana nimekuja na hoja moja tu. Kwa mama wa njiti, arobaini ianze kuhesabiwa siku mtoto anapovuka kizingiti cha nyumba.

Hesabu hiyo si ngeni. Watoto wenyewe tunawahesabia hivyo. Njiti aliyezaliwa wiki 10 kabla ya wakati, akifikisha miezi sita kwa kalenda, kliniki tunamtazama kama mtoto wa miezi mitatu na nusu hivi, kwa sababu umri wake tunauanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Tunafanya hivyo mpaka atimize miaka miwili. Ikiwa mtoto anarekebishiwa umri, mama naye arekebishiwe arobaini. Masheikh zangu msinielewe vibaya: habari ya nifasi, yaani damu ya uzazi, na sala ina hukumu zake, na huko mimi siingii. Mimi nahesabu uji, ndoo za maji na usingizi.

Mtaniuliza haraka ya nini. Haraka ni sonona.

Wanawake wengi hulialia siku ya tatu, ya nne, ya tano baada ya kujifungua, kisha ndani ya wiki mbili mambo yanatulia. Hiyo siyo sonona, hiyo ni mwili unajipanga upya. Sonona ni pale wiki mbili zinapita na mtu bado yuko chini. Hamu ya kila kitu imekatika. Usingizi hauji hata mtoto akilala. Chakula hakipiti, au kinapita kupita kiasi. Anajiona hafai, anaamini kwamba mtoto huyu angekuwa na mama mwingine angeshanenepa. Na wenyewe hawaji kliniki kusema "nina sonona". Wanasema kichwa kinawaka moto. Mwili mzito. Moyo unaenda mbio. Mawazo mengi. Wapo wanaokuja na mgongo unauma mara tatu mfululizo, unapapasa mgongo, mgongo hauna kitu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 katika kila 5 aliyejifungua hupata tatizo la afya ya akili, na sonona ndiyo kubwa kuliko yote. Kwa mama wa njiti hali ni nzito zaidi. Zipo tafiti zilizokuta dalili za sonona kwa wanawake wapatao 40 katika kila 100 katika kipindi cha mwanzo baada ya kujifungua. Siyo ajabu. Amejifungua kwa hofu, ametenganishwa na mtoto, hajalala, amemwona mtoto wa kitanda cha jirani akifunikwa shuka, na kesho yake anaambiwa atabasamu ili maziwa yaje.

Namkumbuka mama mmoja, nimemgeuza habari zake kidogo asije akatambulika. Alikuwa anauza vitumbua asubuhi kabla hajajifungua. Wodini alifanya kila alichoambiwa. Maziwa anakamua kwa saa yake, mtoto kifuani, kofia na soksi safi. Mama wa namna hii husifiwa: mtulivu, hasumbui. Aliyegundua alikuwa mwanamke anayepiga deki. Alisema, "Huyu sijamsikia akimwita mtoto wake hata mara moja." Na kweli. Wenzie walikuwa wakiwaita watoto wao bosi, mzungu, komando, majina yote ya wodini. Yeye alimbeba mtoto kifuani huku anatazama ukuta. Alipoketishwa pembeni na kuulizwa yeye habari zake, siyo za mtoto, alilia kwa muda mrefu kabla hajasema neno.

Kumwita mtoto kuna kazi gani? Hapa ndipo naomba akina baba mniazime masikio.

Ubongo wa mtoto aliye tumboni, wiki ya 34 hivi, una takriban theluthi mbili tu ya uzito utakaokuwa nao miezi ikitimia. Theluthi nzima huongezeka katika wiki za mwisho. Kwa njiti, theluthi hiyo na zaidi inakua nje, chini ya taa, kati ya sindano na kelele za mashine. Ndiyo maana njiti, hasa wa chini ya wiki 32, wako katika hatari kubwa zaidi ya kuchelewa kusema, kushindwa kutulia darasani, kuhangaika na hesabu. Siyo wote, na wapo wengi waliosoma na kuongoza; Doris Mollel, anayewapigania watoto hawa nchini kwetu, mwenyewe alizaliwa njiti. Lakini hatari ipo, na kuificha hakumsaidii mtu.

Ubongo huo, mbali na maziwa na joto, unajengwa na mtu. Mtoto anatazama, anatazamwa. Anatoa kasauti, anajibiwa. Anakunja uso, mtu anamuuliza kulikoni. Siku nzima, mara mamia. Tatizo ni kwamba njiti ni mgumu wa mazungumzo. Analala sana. Akiutazama uso wako kidogo anachoka, anageuka pembeni. Kilio chake chembamba. Tabasamu lenyewe, ambalo mtoto wa miezi yake hulitoa wiki ya sita hadi ya nane, aliyezaliwa wiki nane mapema atalitoa wiki ya 14 mpaka ya 16. Mama anamsemesha mtoto miezi mitatu na ushei hajajibiwa! Akiwa na mtu pembeni wa kumwambia "ngoja, wa kwangu naye alichelewa hivyohivyo", ataendelea. Akiwa na sonona, anahitimisha kwamba mtoto hamtaki, ananyamaza. Na mtoto ambaye sauti yake ilikuwa ndogo toka mwanzo anakosa wa kumjibu, naye anapunguza kuita.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alilionyesha hili miaka ya 1970 kwa jaribio jepesi kabisa. Mama anacheza na mtoto wake wa miezi michache, kisha anaambiwa akaze uso, asiseme, asicheke, dakika mbili tatu tu. Mtoto anamchekea. Hajibiwi. Anainua mikono, anapiga kelele. Hajibiwi. Mwisho anageuza uso na kunywea. Mama akilegeza uso, mtoto naye anarudi. Dakika chache hazimdhuru mtoto, lakini sonona isiyotibiwa huchukua miezi. Tronick alionyesha jambo jingine pia, na hili mimi huwasimulia mama zangu wodini: hata mama mwenye raha zake, muda mwingi yeye na mtoto hawaendani. Mmoja anataka kucheza, mwenzie anataka kulala. Kinachomfunza mtoto ni kule kupotezana na kupatana tena. Kwa hiyo hakuna anayemtaka mama acheke kutwa kucha.

Tafiti zilizowafuatilia njiti mpaka utotoni zinakuta kwamba wale ambao mama zao walikaa na sonona kwa muda mrefu hupata, kwa wastani, alama za chini kidogo katika vipimo vya kufikiri na lugha. Shikeni hilo neno wastani. Humo ndani mna umaskini, mna ugonjwa wa mtoto mwenyewe, mna njaa, na kuvitenganisha ni kazi ngumu. Hakuna daktari anayeweza kumnyooshea kidole mtoto wa jirani yenu akasema huyu amechelewa kwa sababu mama yake alihuzunika. Nalisema kwa sauti kwa sababu nimeshaona mama akitoka kwenye semina na hatia mpya juu ya zile alizoingia nazo. Sonona ni ugonjwa. Presha hatumlaumu nayo mtu, na hii tusimlaumu nayo mtu. Isitoshe, mtoto hajengwi na uso mmoja. Bibi anayemsemesha, baba anayemwimbia, dada anayemchekea, wote ubongo wake unawapokea.

Na msaada unafanya kazi, hili tunalijua kwa ushahidi. Kule Rawalpindi, Pakistan, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwachukua wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa sekondari tu, siyo madaktari wa akili. Waliwafundisha kumtembelea mama mwenye sonona toka mwisho wa mimba: kumsikiliza, kumsaidia aone njia nyingine ya kuyatazama mambo yake, kuishirikisha familia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa 23 katika 100. Kwa waliotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa 53. Watoto hawakuongezeka uzito kuliko wenzao, niwe mkweli, lakini waliharisha mara chache kuliko wenzao, walipata chanjo zaidi, na wazazi wote wawili walicheza nao zaidi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii mlioko hapa, huyo aliyefanya kazi hiyo ni mtu kama nyinyi.

Kule Kanada walitumia simu. Wanawake 701 waliokuwa kwenye hatari. Nusu walipigiwa na mama mwingine wa kawaida, ambaye mwenyewe aliwahi kupata sonona na akapona. Walipofika wiki ya 12, wenye dalili walikuwa 14 katika 100 kwa waliopigiwa, na 25 kwa ambao hawakupigiwa. Simu tu, na mtu anayejua unachopitia. Mama wa wodi moja wabadilishane namba kabla ya kuruhusiwa. Bando la kumpigia mwenzako wa Muheza ni bei ya vitumbua viwili vitatu.

Wenye hamu ya kujua kama akili ya mtoto mwenyewe inasogea: Marekani, toka mwaka 1985, waliwafuatilia njiti 985 katika miji minane. Baadhi familia zao zilitembelewa kila wiki mwaka wa kwanza, wazazi wakakutanishwa na wazazi wenzao, na watoto walipofika mwaka mmoja wakapelekwa kwenye kituo cha malezi. Walipotimiza miaka mitatu, wale waliozaliwa na zaidi ya kilo mbili waliwazidi wenzao wa uzito huohuo wasiopata msaada huo kwa alama 13 za kipimo cha akili. Wale wadogo zaidi waliwazidi wenzao kwa karibu alama 7. Baadaye tofauti hiyo ilipungua, hasa kwa wale wadogo; programu yenyewe ilisimama walipofika miaka mitatu.

Sasa, msaada ni nini? Hapa nina ugomvi kidogo na sisi wenyewe. Watu wa Tanga kwa kumtazama mzazi hatujambo. Tunakuja kwa makundi, tumevaa, tumejifukiza udi, tunaketi. Mzazi anaamka, anatafuta mikeka, anachemsha chai ya wageni. Tunamtazama mtoto: "Jamani, mbona mdogo hivi?" Tunatoa ushauri wa aina sita unaopingana. Tunaondoka baada ya magharibi tukisema tumemliwaza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mama wa njiti, mgeni apewe jembe siku ya kwanza, akiwa bado mlangoni. Umekuja? Nepi zile pale. Umekuja? Muogeshe huyu mtoto mkubwa aende madrasa. Ushauri wako tutausikiliza ukiwa unaosha vyombo.

Msaada ni mtu kulala pale usiku mmoja katika kila mitatu ili mama alale saa nne mfululizo. Ni chungu cha mchuzi kilichofika kimeiva, siyo samaki mbichi wa kumpa kazi. Ni nauli ya kliniki iliyokwishawekwa mkononi, asilazimike kumuomba mtu. Ni mtu anayemuuliza "wewe umelalaje?" kisha akanyamaza, asikimbilie kusema "shukuru Mungu mtoto mzima". Kushukuru anashukuru, na bado amechoka. Siku arobaini ukizigawa kwa watu wanane ni siku tano tano. Katika ukoo wa kawaida wa Ngamiani, na jirani zake, na vicoba vyake, watu wanane hawakosekani. Aandikwe mtu mmoja msimamizi wa zamu, na huyo asiwe mzazi mwenyewe.

Kumbeba kifuani nako ni zamu. Huduma hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez, kwa sababu wodi zilijaa na mashine za joto hazikutosha. Watu wakaiita tiba ya maskini. Halafu utafiti wa hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili, uliotoka mwaka 2021, ukawaweka watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa 12 katika 100, na kwa waliongoja karibu 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza saa 8 mpaka 24 kwa siku. Saa nane! Hakuna mama wa kuzitimiza peke yake nyumbani. Na kifua siyo lazima kiwe cha mama. Cha baba kina joto lilelile, cha bibi pia.

Akina baba, mnaona nilivyowaambia. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akizaa mapacha, na marekebisho ya karibuni yamemwongezea muda mama wa njiti. Ni hatua nzuri. Lakini muuza samaki wa Deep Sea na mkulima wa Maramba hawana mwajiri wa kumwandikia barua, wana nyinyi. Na sonona haiwachagui wanawake tu. Tafiti zinakuta karibu baba 1 katika 10 huipata katika kipindi hiki. Ya mwanaume huja kama hasira, au kutorudi nyumbani. Ukijiona umeanza kukaa kijiweni mpaka saa sita usiku tangu mtoto azaliwe, jiulize unamkimbia nani.

Nimeulizwa kabla sijapanda hapa: je, kama ni jini? Bibi yangu, kisomo kisomwe, dua iombwe. Wala Qur'ani wala Biblia haimzuii mtu kwenda kliniki. Ninachokikataa ni kumfungia ndani, kumchanja, kumnywesha madawa yatakayopita kwenye maziwa, na kumtenga na mtoto wake. Kliniki ipo karatasi ya maswali 10, ilichapishwa na wataalamu wa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1987, inayouliza habari za siku 7 zilizopita. Muuguzi anaimaliza kwa dakika tano. Swali la mwisho linauliza kama wazo la kujidhuru limewahi kumjia. Wahudumu, msiliruke kwa aibu. Kumuuliza mtu hakumpi wazo hilo. Kunampa mahali pa kulitua. Mazungumzo ya kitaalamu yanatibu, na dawa zipo, pamoja na zile anazoweza kutumia akiwa ananyonyesha. Za kuchagua ni daktari, siyo duka la dawa la kona.

Yapo yasiyongoja kesho. Mama anayesema anataka kufa, au watu wangekuwa na nafuu asingekuwepo. Mama asiyelala kabisa siku mbili tatu na bado ana nguvu za ajabu, anasikia sauti, anasema mtoto siyo wake au mtoto kaagizwa. Huyo hafungiwi na haachwi peke yake na mtoto. Anapelekwa hospitali usiku huohuo, Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, na ndugu wawili: mmoja wa kukaa naye, mmoja wa kumshika mtoto.

Karatasi za zamu ya siku arobaini ziko mezani kwa muuguzi, pale dirishani. Mwenye njiti nyumbani, au wodini, achukue moja ampe msimamizi wake aijaze. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Sasa nipeni maswali.